Paka Hana Bei Sokoni

Mkataba wa bima ya mfugo huanza na swali moja: mnyama huyu thamani yake ni shilingi ngapi? Kwa ng'ombe wa maziwa wa Usangi au Mbaga jibu linapatikana papo hapo. Watu watauliza anatoa lita ngapi na amezaa mara ngapi, kisha kila aliyesimama karibu atataja bei. Mbuzi naye bei yake inajulikana kwa yeyote aliyewahi kufika mnadani. Paka hana bei. Huku kwetu Same hanunuliwi. Paka wa jirani akizaa unaomba mmoja, unapewa, unarudi naye nyumbani ndani ya kikapu.

Nimeuza bima miaka mingi katika kibanda jirani na stendi ya Same: bima ndogo kwa vijana wa bodaboda, bima kubwa kwa wenye mabasi na malori ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Moshi, na baadaye bima ya ng'ombe. Aliyenifanya nilifikirie suala la paka ni mwalimu mstaafu kutoka milimani, mama anayeishi na paka wawili. "Hawa ndio walinzi wa mahindi yangu," aliniambia. "Akiugua mmoja nitampeleka wapi, na kwa fedha gani?" Ni swali la haki kabisa, na linastahili jibu la mtu anayeijua bima.

Mwenye nyumba ya vigae mjini anaweza kumfuga paka kwa kumpenda tu, na hilo ni jema. Katika nyumba ya mkulima wa wilaya hii paka ana kazi. Upande wetu wa tambarare ni mkavu kwa sababu milima ya Upare inazuia mvua, na mwaka ambao masika yamegoma, gunia lililobaki ghalani ndilo linalovusha familia. Kule Ndungu kwenye mpunga, na Kisiwani, na vijiji vyote vilivyo chini ya mlima, panya ni adui wa kudumu. Asiye na paka hununua sumu ya panya kwa wauzaji wanaotembea na spika stendi na magulioni. Sumu hiyo haichagui. Inaua kuku, ni hatari kwa mtoto anayetambaa, na panya aliyeila akikamatwa na paka, paka naye anaingia hatarini. Ndiyo maana mtu akiniuliza kuhusu bima ya paka sioni kitu cha kuchekesha. Anauliza namna ya kulinda chakula chake.

Wenzetu wa Ulaya walianza zamani. Huko Sweden bima ilikuwa tayari inakatwa kwa farasi na ng'ombe, na mwaka 1924 mbwa naye akakatiwa. Marekani walichelewa mpaka 1982, na mnyama wa kwanza kukatiwa bima huko alikuwa Lassie, yule mbwa wa televisheni. Leo Uingereza bima ya paka ni jambo la kawaida, na Afrika Kusini pia yapo makampuni yanayoiuza.

Binti wa kaka yangu ni muuguzi kule Leicester. Alichukua paka, akanitumia kurasa za mikataba kwa WhatsApp: "Shangazi, wewe ndiye mtu wa bima, niambie nichukue ipi iliyo rahisi." Nilizisoma zote mpaka maandishi madogo ya mwisho. Watani wetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi naona ni sifa: sisi hatusaini kitu tusichokielewa.

Kilichonigusa kwanza ni kwamba bima ile haimuulizi mtu paka wake ana thamani gani. Inauliza matibabu yake yatagharimu kiasi gani. Hapo ndipo inapotofautiana kabisa na bima ya ng'ombe ninayoiuza. Ya ng'ombe inalipa mnyama akifa. Ya paka kule inalipa ili asife.

Kisha nikaona kwamba neno "rahisi" linaweza kumponza mtu. Mikataba ile ni ya aina nne. Ipo ya ajali peke yake, ambayo ada yake ndiyo ndogo kuliko zote: paka akigongwa na gari inalipa, akipata ugonjwa wa figo hailipi hata senti. Ipo ya muda, inayolipia ugonjwa kwa miezi 12, halafu ugonjwa huohuo unaondolewa kabisa kwenye mkataba. Ipo inayoweka kikomo cha fedha kwa kila ugonjwa, na kikomo kikifika basi. Ya nne ni ya maisha, ambayo kiwango chake cha fedha huanza upya kila mwaka mradi mwenye paka hajaacha kulipa. Ada yake ndiyo kubwa. Sasa fikiria magonjwa yanayompata paka akizeeka: figo, kisukari, tezi la shingo. Hayo kwa kawaida hayaponi kwa miezi 12. Mara nyingi ni ya kutibiwa mpaka mwisho. Aliyechukua mkataba wa muda kwa sababu ada ilikuwa ndogo atajikuta mwaka wa pili analipa dawa kutoka mfukoni, na kampuni nyingine haitampokea paka huyo kwa ugonjwa alionao tayari.

Nilimwambia binti yangu aache kuangalia ada peke yake, apige hesabu ya siku ya tukio. Tuseme bili ya daktari ni pauni 600. Mkataba unasema pauni 100 za mwanzo unabeba mwenyewe, na katika kinachobaki unachangia asilimia 20. Pauni 100 zako, ukiongeza asilimia 20 ya 500 ambayo ni 100 nyingine, umelipa 200 na kampuni 400. Mkataba mwingine kati ya ile aliyonitumia ulikuwa na ada ndogo zaidi, lakini sehemu ya kubeba mwenyewe ilikuwa kubwa kiasi kwamba bili nyingi za kawaida zisingefika hata mahali kampuni inapoanza kulipa. Huo ndio ughali wa bima rahisi.

Yapo mengine ya kuchungulia. Kuna kipindi cha kungoja: siku za mwanzo baada ya kulipa, magonjwa hayalipwi. Ada hupanda paka anavyozeeka, na baadhi ya makampuni huongeza asilimia ya kuchangia akishafika umri fulani. Magonjwa aliyokuwa nayo kabla hayaingii. Chanjo na dawa za minyoo hazilipiwi, na paka asiyechanjwa akiugua ugonjwa ambao chanjo ingeuzuia, madai yanakataliwa. Juu ya hayo serikali ina sharti lake: tangu tarehe 10 Juni 2024, kila paka wa kufugwa nchini England aliyefikisha wiki 20 lazima awe amewekewa chipu ndogo chini ya ngozi yenye namba ya kumtambulisha. Binti alichukua ile ya maisha, yenye sehemu ya kubeba mwenyewe ya kati. Paka wake bado mdogo, kwa hiyo hana ugonjwa wa nyuma wa kumnyima haki. Kama kuna wakati mzuri wa kuingia, ni huo.

Msomaji wa Hedaru au Makanya ataniuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu, kwa sababu msingi wa bima ni uleule popote duniani, na sisi Wapare tunaujua tangu mababu. Ni ndiva. Maji ya mfereji usiku yanakusanyika bwawani, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu, na shamba lililokauka leo linapata maji ambayo lisingeyapata kwa mfereji mwembamba peke yake. Kila mmoja anakwenda msaragambo kuchimba tope na kuziba kingo, hata kama wiki hiyo zamu si yake. Asiyetokea anatozwa faini. Ada ya bima ni ule msaragambo: unatoa nguvu siku ambayo huna shida, ili bwawa liwe na kitu siku utakapokuwa nayo.

Sasa tuje kwenye kilichopo hapa. Bima ya mifugo nchini ipo, na mwaka 2023 makampuni ya bima yaliungana katika mpango wa pamoja wa bima ya kilimo na mifugo ili kubeba hatari hizi kwa mabega mengi. Kwa ng'ombe wa maziwa ninaipendekeza bila kusita. Mnyama anakaguliwa na daktari wa mifugo, anavalishwa hereni yenye namba, thamani yake inaandikwa, na ada inakuwa asilimia chache ya thamani hiyo. Tuseme ng'ombe wa shilingi 2,000,000 kwa asilimia 4: ada ni 80,000 kwa mwaka. Akifa, unatoa taarifa haraka kabla ya kumzika au kumchuna, daktari anampasua na kuandika sababu, nawe unajaza fomu ya madai.

Ukijaribu kumwingiza paka katika utaratibu huo unakwama mstari wa kwanza, pale penye bei. Asilimia 4 ya kitu kisicho na bei ni nini? Na hata wakala akikubali kuandika kwamba paka wako ni wa shilingi 20,000, akifa utapewa hizo 20,000, wakati wewe ulitaka fedha ya kumtibu. Ndiyo maana mtu akinijia kibandani na shida ya paka simuuzii bima ya mifugo. Ningekuwa nachukua fedha yake bure.

Akitokea wakala anayekuambia anayo bima ya paka, msikilize, kisha muulize maswali machache. Inalipa kifo au matibabu? Kwa daktari gani? Nalipa kwanza halafu narudishiwa, au kampuni inamlipa daktari? Magonjwa gani hayamo? Kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, hakuna anayeruhusiwa kufanya biashara ya bima bila kusajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, kwa hiyo omba namba ya usajili na uihakiki. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoleta ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima, ambako mteja aliyenyimwa haki yake anaweza kupeleka malalamiko bila kuanza na mahakama.

Kwa mwalimu wangu wa milimani nilianza na jambo jingine, nalo ni kile kinachowaua paka wa huku. Ukijua kinachowaua utajua fedha yako uiweke wapi.

Kichaa cha mbwa kwanza. Jina linawafanya watu wadhani ni shida ya mbwa tu. Paka naye anakipata akiumwa na mbwa au bweha, na sisi tunaishi ubavuni mwa Hifadhi ya Mkomazi, ambako wanyama wa porini na wa nyumbani wanakutana kila usiku. Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na watoto ni sehemu kubwa ya hao. Dalili zikishaanza, kwa mtu au kwa mnyama, hakuna dawa. Mtoto akiumwa au kuparurwa na paka asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaanze chanjo. Sindano moja ya paka ni fedha ndogo sana ukilinganisha na sindano kadhaa za mtoto, nauli za kushuka mlimani mara kwa mara, na hofu ya nyumba nzima. Paka huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, akarudiwa baada ya mwaka, kisha kufuatana na aina ya chanjo.

La pili linatoka mikononi mwetu, tena kwa upendo. Mtu anamwona paka wake ana homa, anavunja kidonge cha Panadol, anampa nusu. Mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Damu yake inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya kahawia, uso unavimba, na nusu kidonge inatosha kumuua. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe ni hivyohivyo: zile za jamii ya pareto za viwandani zinamtetemesha paka mpaka anakufa. Ukimuogesha ng'ombe, mfungie paka ndani mpaka ng'ombe akauke, na viroboto vya paka usivitibu kwa dawa iliyobaki kwenye ndoo. Ushauri huu hauna gharama hata ya shilingi moja.

La tatu nimeliona kwa macho yangu, kwa paka wangu Doa. Alikuwa anaingia kwenye mchanga wake, anachuchumaa, anakaa muda mrefu, anatoka. Anarudi tena, anachuchumaa, halafu mlio mfupi wa maumivu. Mchanga ulikuwa mkavu. Nilipomgusa tumbo chini, kibofu kilikuwa kigumu na kikubwa kama limau. Paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba sana, na ikizibwa na chenga za mawe sumu inarudi mwilini. Siku mbili au tatu zinatosha kumuua. Watu wengi huona anachuchumaa wakadhani amefunga choo, wakampa mafuta ya kula na kungoja kesho. Nilimpeleka Moshi siku ileile, kama kilomita 100 hivi, ndani ya kikapu cha tenga chenye kifuniko. Daktari alimlaza kwa sindano, akapitisha mrija mwembamba, mkojo ukatoka mwekundu, akakisafisha kibofu kwa maji ya chumvi na kumweka kwenye dripu. Bili ilikaribia bei ya mbuzi mzuri. Nililipa kwa sababu fedha ilikuwepo, na ilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimeiweka.

Kuweka ndiyo bima ninayoipendekeza kwa paka wa Same kwa sasa. Shilingi 2,000 kwa wiki ni 104,000 kwa mwaka. Weka kwenye simu kwa jina tofauti na fedha ya matumizi, au kwenye kikundi. VICOBA vyetu vingi tayari vina mfuko wa jamii kando ya hisa, fedha ya msiba na ugonjwa, ndani ya sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 kinaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba sehemu ya mfuko huo isaidie matibabu ya wanyama wa nyumbani. Watu 20 wakichanga 1,000 kila mwezi, ni 240,000 kwa mwaka. Kwa paka wanaougua kwa zamu, fedha hiyo inafanya kazi kubwa.

Mwalimu yule aliipeleka hoja hii kikundini kwake, akaniita niwasaidie kuandika masharti. Nilitumia yale niliyoyasoma katika mikataba ya Leicester. Kila mwanachama anabeba mwenyewe kiasi fulani cha mwanzo, ili mfuko usiitwe kwa kila kikohozi. Kuna kikomo kwa mwaka kwa kila nyumba. Kuna miezi mitatu ya kungoja baada ya kujiunga, asije mtu na paka aliyekwisha kuugua. Malipo yanatolewa kwa risiti ya mtaalamu aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Majike wafungwe kizazi na madume wahasiwe inapowezekana, maana jike hubeba mimba miezi miwili tu, na mfuko wa paka 20 ukiachiwa unageuka mfuko wa paka 100. Mzee mmoja alipinga vikali hoja hiyo ya kuhasi, na mjadala ulichukua sehemu kubwa ya mkutano, lakini sharti lilipita.

Sharti lililozaa faida ya haraka ni lile la chanjo: paka asiyechanjwa hana haki ya mfuko. Bwana mifugo wa kata aliwaeleza kitu ambacho wengi hawakukijua. Chanjo ya kichaa mara nyingi huja katika kichupa cha dozi kumi, na kikishafunguliwa hakiwekwi mpaka wiki ijayo. Mwenye paka mmoja akimwita peke yake, dozi tisa zinaharibika au yeye anaambiwa angoje. Wakaamua kuwakusanya paka wote siku moja ya Septemba, mavuno ya masika yakiwa yameshauzwa na fedha ipo mkononi. Tarehe 28 ya mwezi huo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo ni rahisi kuikumbuka. Bwana mifugo anapanda na pikipiki, chanjo ikiwa kwenye kisanduku chenye barafu, paka wanaletwa kwenye vikapu na magunia yaliyotobolewa, na majirani wenye mbwa wanaruhusiwa kuja nao, ili kichupa cha mwisho kisibaki nusu.